Kaza Pande Zote Mbili

Watu wa Sarang'ombe wakikuambia kwamba Phanuel Shivachi ana wivu, usibishane nao. Phanuel Shivachi ni mimi, na wivu ninao. Nilianza nao utotoni nikihesabu vipande vya nyama kwenye sahani ya ndugu yangu, na mke wangu Phanice husema nitazikwa nao. Kwa hiyo habari za Adero ninazotaka kueleza hapa uzipokee ukijua zinatoka kwa nani. Wengine wangekusimulia kwa sifa tupu, lakini wao hawakukaa naye kibanda kimoja miaka mitatu wakimnyima ujuzi kwa makusudi.

Kazi yangu ni kuchonga majina. Kibanda changu kiko pale njia inapoteremka kutoka Sarang'ombe kuelekea Kisumu Ndogo. Mtu wa Magharibi au wa Ziwa akifiwa hapa Nairobi, kabla mwili haujasafirishwa nyumbani, jamaa huja kwangu kuagiza msalaba. Huniandikia jina kwenye karatasi, nami hulichonga kwenye mvule kwa patasi na nyundo ya mti, herufi moja baada ya nyingine. Nimeifanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili, na misalaba yangu imesimama Vihiga, Bungoma, Siaya na Homa Bay, mahali pengine ambapo mimi mwenyewe sijawahi kukanyaga. Ukikuta O iliyo mviringo kamili, ukapitisha kidole gumba ndani yake kisikwame popote, hiyo ni yangu.

Nusu ya pili ya kibanda ilikuwa ya rafiki yangu Lazarus Ojwang, fundi wa milango ya mabati. Alisifika kwa milango ya vibanda ile inayosukumwa pembeni. Mlango wake ulining'inia kwenye reli ya juu kwa magurudumu mawili, na chini ukaongozwa na kipande cha chuma kilichoachiwa nafasi kidogo. Kila mteja alilalamika kwamba mlango unacheza chini, amtilie kitu cha kuubana. Ojwang aliwapa jibu lile lile, kwa mdomo uliojaa misumari, kwamba upande mmoja unashika na mwingine unafuata, na kwamba wakibana kote kuwili wataufungua kwa shoka. Nililisikia jibu hilo mara nyingi hata nikawa nalichukia.

Adero alikuwa akiuza omena, wale dagaa wa ziwani. Meza yake ilikitazama kibanda chetu ana kwa ana, ng'ambo ya mtaro, na kwa kuwa omena haina haja ya kulindwa sana, macho yake yalikuwa kwetu mchana kutwa. Nilidhani anamtazama Ojwang, ambaye alikuwa na vichekesho vingi. Siku moja akafunika omena yake kwa gunia, akaruka mtaro, akasimama mbele yangu.

"Mzee, nataka unifunze hii kazi."

"Kazi gani?"

"Ya kuandika majina."

"Hii haijawahi kuwa kazi ya wanawake," nikamwambia.

"Kwani patasi inajua nani ameishika?" Ojwang akadakia kutoka upande wake. "Mfunze huyo, Shivachi. Ama unaogopa?"

Walinicheka wote wawili, na wapita njia wakaanza kusimama. Nikamkubali kwa aibu tu, wala si kwa mapenzi.

Sasa ni lazima nieleze desturi yetu. Fundi aliyenifunza mimi, marehemu Boaz Mukhwana, hakuwahi kunipa jibu la kweli mara ya kwanza. Nilipomuuliza patasi ya kuchongea hunolewa vipi, aliniambia niinoe pande zote mbili. Niliharibu misalaba minne kabla sijagundua kwamba hunolewa upande mmoja, na wa pili huachwa bapa. Alisema akinipa yote kwa mpigo, nitafungua kibanda mbele ya chake kabla ya Krismasi. Mafundi wengi wa majina niliowajua walikuwa hivyo. Nami nikamfanyia Adero vivyo hivyo, ila nilizidisha.

Ajabu ni kwamba hakuharibu msalaba hata mmoja. Nilimwambia anoe pande zote mbili, na kesho yake akaja na patasi iliyonolewa upande mmoja, kali ya kunyoa ndevu. Nilimwambia mvule huloweshwa maji usiku mzima kabla ya kuchongwa, naye akachonga mkavu. Nikashuku kwamba Ojwang ananiuza. Tulinuniana wiki mbili nzima, tukila chakula cha mchana kila mtu ameelekea ukutani. Ojwang aliapa kwa jina la mama yake kwamba hajamwambia Adero neno, lakini sikumwamini.

Baada ya miaka mitatu Adero aliniaga kwa heshima, akaniletea sukari na majani chai, akahamia Gatina kule Kawangware, kwa dada yake aliyekuwa na saiba, yaani duka la intaneti, iliyofungwa kwa kukosa wateja. Siku alipoondoka nilipumua. Nilijiambia kwamba O zake bado hazijafika zangu, na kwa wakati huo nilikuwa nasema kweli.

Mwaka jana nikaenda kuagana na mwili wa jirani mmoja wa Soweto West. Nilishangaa kwamba jamaa hawakuja kwangu, ila nikadhani wameamua kutumia bango la kuchapisha. Kisha nikauona msalaba. Herufi zilikuwa zimelingana kama meno ya chanuo, na chini ya jina palikuwa na ua lenye petali kumi na mbili. Nikamuuliza mjane nani amechonga.

"Ni mashini ya msichana mmoja Kawangware," akanijibu. "Anaitwa Adero. Kwani si wewe ulimfunza? Umefanya kazi, mzee."

Roho iliniuma. Sikukaa hata kunywa chai. Wiki iliyofuata wateja wawili waliokuwa wameniahidi kazi walipita mbele ya kibanda changu wakisoma simu zao kwa bidii. Nilipomweleza Phanice alisema, "Nenda uione hiyo mashini, wivu wako upate mahali pa kukaa." Nikaenda kwa miguu, kupitia Dagoretti Corner, nikipanga maneno ya kumwambia njia nzima.

Maneno yote yalipotea nilipofika. Adero alinipokea kama baba yake. Alinifutia kiti, akamtuma dada yake soda, akawaambia majirani wa ploti kwamba huyu ndiye mwalimu wake. Kisha akanionyesha mashine. Alikuwa ameiunda mwenyewe kwa kutazama video na kukata chuma. Ilikuwa na fremu ya chuma cha pembe, ukubwa wa kitanda cha mtoto, na mota tatu zilizotoka kwenye printa kubwa za ofisi. Juu yake palikuwa na kigari kilichobeba mota ndogo ya kuchongea, kikienda mbele na nyuma, kushoto na kulia, kwa amri ya kompyuta iliyobaki kwenye saiba. Watu wa mambo hayo huiita CNC. Aliniandikia jina langu kwa herufi kubwa, na kabla sijamaliza soda likawa limechongwa. Mimi ningelichonga tangu asubuhi hadi adhuhuri.

Kigari kile kilitembea kwenye reli za droo, zile za meza za ofisi ambazo watu wa skrepu huzing'oa na kuziuza. Wakati kinageuka nilikiona kikitikisika. Jina langu halina O, basi nikamwambia kwa sauti ya upole, "Hebu niandikie Ojwang." Akaandika. Nikapitisha kidole gumba ndani ya ile O, na kidole kikakwama mara nne: juu, chini, kushoto, kulia. Palikuwa na bapa pale kigari kilipobadilisha mwendo. Jina lilikuwa zuri kulitazama, lakini O yake ilikuwa yai.

Sikumbuki kufurahi hivyo tangu binti yangu Hope azaliwe.

"Najua, mwalimu," Adero akasema kabla sijafungua mdomo. "Hizi reli za droo ziko na nafasi sana. Kigari ikirudi inatingika kwanza ndio iende. Nazitoa zote, naanza hiyo sehemu upya."

Akanionyesha vyuma viwili vya mviringo alivyovitoa kwenye fotokopi zilizokufa, vimenyooka na vinang'aa hata ukajiona uso. Kigari kipya kingevaa bushi za shaba kutoka fotokopi hizo hizo, vipande vidogo kama pete nene, na hizo ndizo zingeteleza juu ya vyuma. Aliongea habari hiyo nusu saa, akichora kwa chaki sakafuni, akifuta kwa kiatu na kuchora tena. Nikaondoka na furaha yangu ikiwa imepungua nusu. Mtu anayeujua ugonjwa wake na dawa yake hawezi kukufurahisha muda mrefu.

Kisha Ojwang akafa. Alishikwa na homa Jumapili, akalazwa Jumatatu, na Jumamosi haikumkuta. Nilikata mbao siku nzima bila sababu, kwa kuwa sikuweza kukaa kimya karibu na ile nusu yake ya kibanda. Nilijua msalaba utakuwa wangu. Nilikuwa nimeshachagua kipande cha mvule nilichokiweka miaka sita, sina mfano wake.

Aketch, mke wake, akaniita nyumbani. Alikuwa amekaa katikati ya wanawake wa kanisa, macho yamevimba. Aliniambia kwanza habari za safari, kwamba mwili utatoka mochari Ijumaa saa kumi jioni kwenda Ugenya. Kisha akashika mkono wangu.

"Baba Hope, usikasirike. Msalaba tumempea Adero. Anaweka na picha ya ile mlango yake ya kusukuma. Adero alimwonyesha mwenyewe kwa simu kabla agonjeke, marehemu akacheka mpaka akakohoa, akasema yeye akifa anataka hiyo."

"Ni sawa," nikasema.

Haikuwa sawa. Niliondoka bila kuwaaga wale wanawake. Miaka kumi na tisa tulikula pamoja, nilimzika baba yake, alinibebea Hope hospitalini mgongoni siku ya mafuriko, halafu akaenda kucheka na simu ya muuza omena. Nilimwonea wivu Adero na nikamwonea wivu maiti. Nikirudi nyumbani niliwaza jambo moja tu, kwamba mashine ile ifie njiani.

Na Jumanne Adero akanipigia.

"Mwalimu, pole tena. Nimemaliza kubadilisha. Vyuma nimefunga, bushi nimeingiza, lakini kigari ikifika katikati inagoma. Inashika kabisa, mota inalia. Nimepima naona karibu sawa. Sasa nakuuliza, hii kigari niikaze kwa vyuma vyote viwili, ama upande mmoja niuachie nafasi?"

Nililijua jibu papo hapo. Nilimsikia Ojwang akilisema kwa misumari mdomoni. Vyuma viwili vilivyofungwa na mkono wa binadamu haviwezi kuwa sambamba kabisa, na kigari kikibanwa kwenye vyote viwili, mahali vinapokaribiana kitashika. Dawa yake ni ya mlango wa kibanda.

"Kaza pande zote mbili," nikamwambia. "Kaza mpaka spana ilie."

"Pande zote mbili."

"Zote. Ukiacha upande mmoja unacheza, utarudia yale mayai yako."

Akashukuru sana, akakata. Nikakaa na simu mkononi. Najua uongo huo ulikuwa nini. Desturi ya marehemu Boaz ilikuwa ya kumchelewesha mwanafunzi, lakini mimi nilikuwa natega msalaba wa rafiki yangu. Hata hivyo sikumpigia tena. Nilikitoa kile kipande cha mvule, nikafunga mlango wa kibanda, nikaanza kuchonga LAZARUS OJWANG kwa mkono wangu. Nilichonga Jumanne, Jumatano na Alhamisi, na sijawahi kuchonga vizuri namna hiyo. Mashine ingegoma, jamaa wangehangaika, nami ningetokea na msalaba. Nilishasikia masikioni wanavyonishukuru.

Ijumaa asubuhi niliuvika gunia, nikauweka begani, nikaenda Gatina. Niliuegemeza nje ya mlango wa Adero, nyuma ya pipa la maji, nikaingia mikono mitupu kama mtu aliyekuja kusaidia.

Kigari kilikuwa kinatembea. Kilikwenda mpaka mwisho wa vyuma na kurudi bila kugoma wala kutikisika, na sauti yake ilikuwa ndogo kama ya cherehani ya mbali. Adero akanipa kipande cha mbao cha majaribio kilichochongwa O tatu, kubwa, ya kati na ndogo. Nikapitisha kidole gumba. Nikarudia nikiwa nimefumba macho. Hakikukwama popote.

"Umekaza pande zote mbili?" nikamuuliza.

"Zii. Upande huu nimekaza, huu mwingine tundu nimelifanya refu kidogo, bushi iko na mahali pa kusonga. Moja inashika, ingine inafuata."

"Lakini nilikuambia ukaze."

Adero akacheka, tena kwa upole, jambo lililoniumiza zaidi. "Mwalimu, usikasirike. Mimi nilikaa mbele ya kibanda yako nikiuza omena miaka nne kabla uniingize. Nilikuwa naona mikono yako. Nilipoingia nikaona mdomo yako inasema hivi, mikono inafanya vile. Sasa nikajua ukisema kaza, nilegeze. Ukisema maji, kavu. Hiyo imenisaidia sana. Hata Jumanne nilikuwa sina uhakika, ndio nikakupigia. Uliposema kaza pande zote mbili, nikajua ni upande mmoja."

Kumbe Ojwang aliapa kweli, nami nilimnunia wiki mbili bure. Na kumbe kwa miaka yote hiyo, kila nilichomficha nilimpa.

Nilitafuta hasira nikaikosa. Palikuwa na wivu, ndiyo, mkubwa kuliko wa kwanza, lakini uligeuka namna. Sasa nilitaka niwe nimo. Kama O ya Ojwang ingesimama Ugenya ikiwa mviringo kamili, nilitaka iwe na kitu changu ndani yake, neno moja nililolitoa kwa hiari, na si lile nililoibiwa kwa macho.

Saa tano na nusu Adero alifunga msalaba wa mvule kwenye mashine. Ulikuwa ubao wake wa pekee. Alitakiwa kutoka Gatina saa tisa ili awahi mochari. Akachukua mkebe wa grisi, ile nzito ya magurudumu ya lori, akaufungua, kisha akanitazama.

"Mwalimu, kabla nianze. Hizi vyuma nipake grisi, ama niache kavu?"

Namshukuru Mungu kwamba ameuliza, nikawaza. Mvule una vumbi laini kama unga. Vumbi hilo likishika grisi huwa uji, na uji ukikauka huwa saruji. Bushi za shaba za fotokopi hutoka kiwandani zikiwa zimenyweshwa mafuta yao ndani kwa ndani, wala hazitaki kingine.

"Acha kavu," nikamwambia. "Usipake kitu. Vumbi la mvule na grisi litakuzibia bushi kabla hujafika katikati."

Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. "Asante, mwalimu." Kisha akachovya vidole viwili kwenye mkebe.

"Adero. Leo nakuambia kweli."

"Najua."

"Naapa. Ni Ojwang huyu. Siwezi kukudanganya kwa msalaba wa Ojwang."

"Jumanne pia ilikuwa ya Ojwang," akasema bila ubaya wowote, akipaka chuma cha kwanza toka mwanzo hadi mwisho. Akapaka na cha pili. Nilimshika mkono, akanitazama mpaka nikauachia. Mtu gani angeniamini? Mimi mwenyewe nisingejiamini.

Mashine ikaanza na picha ya mlango. Ilichora reli ya juu, magurudumu mawili, mabati yenye mikunjo, hata kile kipande cha chuma cha chini kilichoachiwa nafasi. Ilikuwa kazi ya kutisha kwa uzuri. Vumbi lilipanda hewani na kutua polepole juu ya vyuma, na vyuma vikageuka rangi ya kahawia. Nilichukua brashi nikawa nafagia, lakini grisi ilikuwa imeshalishika. Ikachonga LAZARUS, na kwenye S nikasikia mota ikibadilisha sauti. Nikamwambia asimamishe. Akaweka mkono juu ya kitufe, akasikiliza, akauondoa.

Kwenye O kigari kilipanda vizuri upande wa kushoto, kikapinda juu, kikaanza kushuka. Hapo kikashika. Mota ililia, kompyuta ikaendelea kuhesabu kama hakuna lililotokea, na ncha ya kuchongea ikakata mstari mmoja mnyoofu kuvuka O mpaka ukingoni mwa ubao. Adero akazima. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na robo.

Alichomoa bushi moja, akaigeuza kiganjani. Ilikuwa imejaa uji mweusi. Hakulia wala hakulaani. Alifuta mikono polepole, akatoka nje kwenda kunawa kwenye pipa. Nilikumbuka gunia langu, nikainuka kumzuia, lakini nilichelewa.

Alirudi amelibeba. Aliliweka juu ya meza, akalifungua kamba, akautoa msalaba. Alipitisha kidole gumba ndani ya O yangu, mzunguko mmoja, taratibu.

"Ni safi," akasema. Kisha akalitazama lile gunia. "Ulikuja nayo tayari."

"Adero, sikiliza."

"Ulijua nitageuza. Ukaniambia kweli, juu unajua nitageuza." Alinitazama kama mtu anayemtazama fundi aliyemshinda kazi, bila chuki, na hilo ndilo silisahau. "Hiyo ni kiwango ingine, mwalimu. Hiyo sikuwa nimeiona kwa mikono yako."

Nilimweleza. Nilimwambia habari ya wivu wangu tangu mwanzo, uongo wa Jumanne, na kwamba ile ya grisi ilitoka moyoni. Nilieleza hata mambo ambayo Phanice hayajui. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, mwalimu," kwa sauti ile ile aliyonijibia miaka mitatu kila nilipomdanganya. Aketch alikuwa anapiga simu kuuliza msalaba uko wapi. Adero akamwambia uko tayari, unakuja na mzee Shivachi.

Pale mochari wanawake waliushika, wakasema huo ni mkono wa Shivachi, hakuna mwingine. Aketch alinishukuru mbele ya watu kwa kusimama imara wakati mashine imewaangusha. Wiki moja kabla ningeyala maneno hayo siku tatu. Niliitikia kwa kichwa tu, nikasaidia kuinua jeneza. Adero alisimama nyuma ya gari amevaa leso nyeusi, na watu wachache walimpa mgongo. Msalaba wangu uko Ugenya hadi leo. Wake ameutundika ukutani Gatina, una mlango, una LAZARUS, na una O iliyokatwa katikati.

Wateja wamerudi kwake, tena wengi. Alisafisha vyuma kwa mafuta ya taa na anaviacha vikavu, kwa kuwa hilo alijionea mwenyewe. Bado wivu ninao, nikipita mazishini nikaona maua yake nakereka. Nilidhani hatanipigia tena, lakini mwezi uliopita simu ililia nikiwa kibandani, na nyuma ya sauti yake nilisikia kigari kikienda na kurudi. Kulikuwa na mgongano mdogo kila kilipogeuka.

"Mwalimu, mkanda wa hii mota ya kando, nikaze ama nilegeze?"

Nilisikiliza mgongano ule mara mbili. Mkanda ulikuwa umelegea, ulihitaji kukazwa kidogo tu. Nilitazama ile nusu ya kibanda ya Ojwang, ambayo sijampangisha mtu.

"Legeza," nikasema.

"Asante, mwalimu." Akaiweka simu chini bila kuikata, nami nikasikia spana ikikaza, robo mzunguko, kisha robo nyingine, na mgongano ukakoma.